Mbuzi Wanaompenda Aregae

Kakuma, 3 Machi 1997

Kwa mdogo wangu Ejore,

Nakusalimu, ejok. Sisi huku tuko, jua liko, na wewe nadhani uko, ila kalamu yako ndiyo imekufa. Mume wangu Adome anakusalimu. Bado ni mkaguzi wa kadi kwenye geti la mgao wa chakula, kambi ya wakimbizi, na akirudi nyumbani ananikagua na mimi. Mama mzima huko milimani Loima. Mbuzi wetu wamefika tisa.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe, ambalo ni binti yetu Aregae. Mwezi wa sita atatimiza miaka minne, na bado nambeba kwa mkono mmoja. Kikohozi hakijaondoka. Dawa za TB amezimaliza mara ya pili, sikuruka siku hata moja, na Adut wa zahanati ya kambini ni shahidi wangu. Anakula kama mtu mzima, kisha choo kinatoka kingi chenye mafuta juu, kinanuka mpaka mbwa anakiacha. Mama mkwe anasema nilikula nyama nisiyoruhusiwa nikiwa na mimba yake.

Lakini kilichonishikisha kalamu ni kitu kingine, na usicheke. Mbuzi wanamlamba. Katika boma hili wako watoto sita, wote wanatoka jasho, wote wachafu. Mbuzi wakirudi wanawapita wote, wanamwendea Aregae. Wanamlamba paji la uso, shingo, nyuma ya masikio. Yeye anacheka, anasema wanampenda. Nilimwambia Adut, ambaye ni Mdinka na ameishi na mifugo kuliko mimi. Alimbusu mtoto kwenye paji la uso, akalamba midomo yake, kisha akasema, "Akeno, huyu mtoto ni chumvi kabisa. Wewe andikia ndugu yako ya maabara."

Basi nimeandika. Ulisomeshwa kwa mbuzi, Ejore. Leo mbuzi wanakuuliza swali.

Dada yako,
Akeno


Lodwar, 19 Machi 1997

Kwa dada Akeno,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji Adome na kwa Aregae. Barua yako imenifikia kwa dereva wa lori la mahindi. Mimi ni mzima. Maabara yetu imepata friji mpya na imepoteza mafundi wawili, kwa hiyo nafanya kazi ya watu watatu kwenye ubaridi.

Sikucheka. Nilisoma habari ya mbuzi mara tatu, kisha nikampelekea daktari mgeni, mzee kutoka ng'ambo aliye nasi kwa mwaka mmoja. Naye hakucheka. Anasema uko ugonjwa wa kuzaliwa ambao dalili yake ni jasho lenye chumvi kupita kiasi. Huku kwetu hautafutwi, kwa sababu vitabu vinasema ni wa Wazungu.

Mashine ya kuupima hatuna, lakini ipo njia ya zamani. Ndani ya bahasha nyeusi kuna karatasi nne nyekundu nilizozilowesha dawa yenye madini ya fedha. Chumvi ikigusa wekundu huo, unageuka kuwa mweupe. Fanya hivi: osha mkono wa mtoto kwa maji yaliyochemshwa, uukaushe, uuvishe mfuko wa nailoni kwa dakika kumi na tano mpaka utoe jasho, kisha uukandamize juu ya karatasi. Fanya hivyohivyo kwa mkono wako, wa Adome, na wa mtoto mwingine mzima, ili nipate cha kulinganisha. Fanya ndani ya nyumba. Karatasi zisione jua, zitageuka nyeusi.

Usimwambie mama mkwe lolote kwanza.

Mdogo wako mtiifu,
Ejore


Kakuma, 31 Machi 1997

Kwa Ejore,

Ejok. Pasaka imepita vizuri, tumechinja mbuzi mmoja, kwa hiyo wamebaki wanane, na hao wanane bado wanamjua mtu wao.

Mikono yako hii hapa. Namba moja ni mimi, mbili ni Adome, tatu ni mtoto wa Helen, yule mwenye duka ambako barua zako huachwa. Helen aliuliza kama mwanawe anaandikishwa jeshi. Namba nne ni Aregae.

Sikuhitaji kusoma, Ejore. Sisi watatu tumeacha vidoa viwili vitatu. Yeye ameacha mkono mzima, vidole vyote vitano, mweupe kama umechorwa kwa chokaa. Niliufunika haraka, si kwa sababu ya jua.

Niambie.

Akeno


Lodwar, 2 Mei 1997

Kwa dada Akeno,

Nisamehe kwa kukawia. Daktari alikuwa safarini Kataboi, kule ziwani, na sikutaka kukuandikia kwa kichwa changu peke yangu. Mimi ni mzima. Friji imeharibika.

Ugonjwa ndio ule. Nitakueleza kama ninavyouelewa, maana najua ukipewa dawa bila maelezo hutailaza nyumbani kwako.

Kila seli ya mwili ina milango midogo. Mmoja ni wa kupitisha kloraidi, ambayo ni nusu ya chumvi ya jikoni. Kwenye ngozi, mlango huo huirudisha chumvi mwilini kabla jasho halijatoka. Kwenye mapafu na kongosho husaidia maji kupita ili ute uwe mwepesi. Kwa Aregae mlango huo haufanyi kazi yake. Jasho linaondoka na chumvi yote, ute wa kifuani unakuwa mzito kama gundi, na kongosho limeziba, kwa hiyo mafuta ya chakula hayasagwi. TB hakuwa nayo.

La kufanya: chumvi kwenye uji na maji yake, kiasi cha kijiko kidogo kwa siku, na zaidi kukiwa na joto kali. Asubuhi na jioni mlaze kifudifudi magotini, kichwa kikiwa chini, umpigepige mgongoni kwa kiganja kilichokunjwa mpaka ute utoke. Homa ikianza, mpeleke kwa Adut siku hiyohiyo. Vidonge vya kusaga mafuta daktari ameviagiza Nairobi.

Sasa nikuambie jambo nililolisoma kwenye majarida ya daktari, nalo limeninyima raha kwa uzuri wake. Ule mlango ni protini. Huanza kama uzi mrefu, kisha hukunjwa mpaka upate umbo. Ziko protini nyingine ambazo kazi yake ni kuushika uzi huo mchanga, kuusaidia ujikunje sawasawa, na kuufuata mpaka uruhusiwe kutoka. Wazungu wamezipa jina la mtu mzima anayefuatana na msichana asije akapotoshwa njiani. Mimi naziita wasindikizaji.

Katika kosa linalojulikana zaidi huko kwao, uzi una viungo karibu elfu moja na mia tano, na umepungukiwa na kimoja tu. Mlango wa aina hiyo ukifika mahali pake unaweza kufunguka, kwa udhaifu, lakini unafunguka. Shida ni kwamba haufiki. Wasindikizaji wanaona haujakunjwa vizuri, wanaushikilia, na mwisho unavunjwa humohumo ndani. Na wamegundua ajabu moja: joto likishushwa, baadhi ya milango hiyo inapita. Kama kosa la Aregae ndilo hilo hatujui. La kwetu huenda ni jingine.

Mwambie Adome aanze leo kazi ya mgongo.

Ejore


Kakuma, 8 Juni 1997

Kwa Ejore,

Ejok. Aregae ametimiza miaka minne juzi. Chumvi anaipenda kuliko sukari. Adome ndiye mpiga mgongo. Anampiga huku akiimba wimbo wa dume lake la ng'ombe la ujanani, lile jekundu, na mtoto sasa anajua maneno yote. Ute unatoka. Amelala wiki mbili bila kukohoa mpaka nikaamka kumsikiliza kama anapumua.

Neno lako nimelikataa. Msindikizaji kwetu humtoa mgeni mlangoni na kumweka njiani salama. Hao wako wanamshika mgeni mlangoni na kumrudisha. Hao si wasindikizaji, hao ni wakaguzi. Nina mmoja nyumbani, nawajua.

Sikiliza. Mwezi uliopita mama mmoja wa Sudan, Yar, alikuja kwenye mgao na kadi iliyofuliwa ndani ya nguo. Namba moja ilikuwa imefifia. Ilikuwa saa nane mchana, watu wamejaa, bati linawaka. Adome akamrudisha. Yar akamwambia, "Mimi iko yule yule ya mwezi iliyopita. Wewe najua mimi. Namba moja imepotea, sasa mimi pia nimepotea?" Hakumsikiliza. Kesho yake saa moja asubuhi, joto halijapanda, mkaguzi ni huyohuyo na kadi ni hiyohiyo. Akaiinua juu, akaisoma, akampitisha. Nikamuuliza jioni, jana ulikuwa na nini? Akasema, "Jana ilikuwa joto."

Basi nimeelewa barua yako vizuri kuliko unavyodhani.

Nina maswali mawili. Je, atakua? Na je, mtoto mwingine akija, naye atakuwa hivi?

Akeno


Lodwar, 27 Juni 1997

Kwa dada Akeno,

Nimefurahi mpaka nimewasomea barua yako wenzangu maabara. Kuhusu neno, umenishinda. Wawe wakaguzi. Habari ya kadi ya Yar nimemtafsiria daktari, akasema hajawahi kusikia jambo hilo likielezwa vizuri hivyo. Nimejiona mkubwa siku nzima, kana kwamba mimi ndiye niliyesema.

Kuhusu mtoto mwingine: kosa hili hutoka kwa wazazi wote wawili, nusu kwako na nusu kwa Adome, bila mmoja wenu kuumwa. Mwambie mama mkwe hivyo, na nyama aiache. Katika watoto wanne, mmoja. Lakini haiendi kwa zamu. Kila mimba huanza upya, kana kwamba zile za nyuma hazikuwepo. Mbona unauliza?

Kuhusu swali la kwanza, tuendelee na chumvi na mgongo. Vidonge bado havijafika.

Ejore


Kakuma, 14 Septemba 1997

Kwa Ejore,

Ejok. Sina muda, lori letu linaondoka.

Swali langu la kwanza umelipita kama mtu anayempita mdai wake sokoni. Sikukulazimisha. Nimetafuta jibu kwenye barua yako ya mwezi wa tano, nalo liko pale kwa mkono wako: joto likishushwa, wanapita. Huku Kakuma hata usiku ukuta unachoma. Wakaguzi wa mtoto huyu hawajawahi kuona asubuhi ya baridi tangu azaliwe.

Nampeleka kwa mama, Loima, juu kabisa, kwenye ukungu. Tutakaa huko mpaka mlango upite. Adome amebaki na kazi. Alinizuia kwa sababu ambayo nitakuambia siku nyingine.

Akeno


Lodwar, 12 Oktoba 1997

Kwa dada Akeno, huko Namoruputh chini ya Loima, au popote itakapokufikia barua hii,

Barua yako ya Septemba imenifikia jana. Ilikaa dukani kwa Helen chini ya magunia.

Shuka, dada. Nakuomba ushuke. Kosa ni langu. Jaribio lile la baridi lilifanywa kwenye seli zilizowekwa kwenye sahani ya kioo, na waliposhusha joto, walilishusha la seli zenyewe, mpaka nyuzi ishirini na saba. Mtu hawezi kushushwa hivyo, atakufa. Ndani ya mwili wa Aregae joto ni nyuzi thelathini na saba Kakuma, na ni thelathini na saba Loima. Ukungu hauwafikii wakaguzi. Sentensi hiyo moja niliijua, nikaiacha, kwa sababu bila hiyo hadithi ilikuwa nzuri zaidi.

Nilijaribu kuja leo. Mto Kawalase umefurika na lori limerudi. Barua hii nampa mchungaji atakayevuka maji yakipungua. Usiache chumvi. Usiache mgongo.

Ejore


Namoruputh, 6 Desemba 1997

Ejore,

Mama hajambo. Aregae yu hai. Nimeanza na hayo ili usome mengine ukiwa umekaa.

Mwezi wetu wa kwanza huko juu alinenepa. Hakutoka jasho, na mbuzi wa mama walimnusa tu wakaenda zao. Nikasema, wakaguzi wamelegea, mlango umepita. Nikaacha chumvi. Nikaacha na mgongo, maana kwa nini nimpige mtoto aliyepona? Mama akachinja beberu.

Kisha mvua ikaja, hii mvua isiyojua kukoma, na baridi ikaingia kifuani. Alipata homa siku ya Ijumaa. Tulishuka naye juu ya punda siku tatu, kwa sababu mito yote ilikuwa imejaa. Midomo ilikuwa ya bluu. Hapa kwenye zahanati amepigwa sindano siku kumi na nne. Barua yako ilinikuta kwenye mkeka huu tarehe mbili, imelowa, lakini sentensi ile uliyoiacha ilikuwa inasomeka sawasawa.

Nimekukasirikia, na sitasema sijakukasirika. Nilikubeba mgongoni ukiwa mdogo kuliko huyu. Ulinipa jambo zuri nikaliamini, kwa sababu la kweli ulinificha. Mtu akinyimwa maji atakunywa hata tope.

Na mimi nilikuficha. Nina mimba ya miezi minane. Nilikuwa nayo nilipokuuliza mwezi wa sita. Ndiyo sababu Adome alinizuia.

Sasa nijibu swali langu la kwanza. Kwa namba.

Akeno


Lodwar, 20 Desemba 1997

Dada,

Huko kwao Wazungu, penye kila dawa na kila mashine, wengi sasa hufika miaka thelathini. Penye chumvi, mgongo na sindano za bahati, daktari anasema kumi, na amesema hivyo akiangalia pembeni. Sikukuandikia kwa sababu niliogopa kuwa mimi ndiye nitakayeiandika namba hiyo. Nilijificha nyuma ya wakaguzi. Wao ni kweli, na huenda siku moja itapatikana dawa ya kuwabembeleza wampitishe, watu wanaitafuta. Haipo leo. Haitakuwepo mwakani.

Nisamehe. Nimesema sasa, na haijanipunguzia uzito wowote.

Vidonge vya kusaga mafuta vimefika, chupa mbili. Nimeviweka kwenye kifurushi hiki pamoja na karatasi moja nyekundu. Mtoto akizaliwa, subiri atimize mwezi mmoja, kisha fanya kama tulivyofanya. Nitasoma siku hiyohiyo, na nitakuambia nitakachokiona, chochote kile.

Mdogo wako,
Ejore


Kakuma, 22 Februari 1998

Kwa mdogo wangu Ejore,

Ejok. Tumerudi nyumbani salama. Mama amekusamehe, anasema wasomi wote wako hivyo. Mimi bado kidogo, lakini karibu. Vidonge vinafanya kazi, mbwa amerudi kupenda boma letu. Adome ameanza tena wimbo wa dume jekundu, asubuhi na jioni. Yar anampitia getini na kumuuliza, "Bwana mkaguzi, leo kuna joto ama hakuna?" Naye anampitisha.

Nimejifungua tarehe kumi Januari. Ni mvulana, tumemwita Ekal. Ana sauti, ana mashavu.

Karatasi yako nakurudishia ikiwa nyekundu vilevile. Sikuweka mkono wa mtu. Jana alitimiza wiki sita. Nilimlaza kwenye ngozi mlangoni pamoja na dada yake, joto lilikuwa lile unalolijua, wote wawili wamelowa jasho. Mbuzi wakarudi. Nikashika nguzo ya nyumba. Wakamjia Aregae kama kawaida, paji la uso, shingo, nyuma ya masikio. Kisha yule mweusi mwenye mimba akamwinamia Ekal, akamnusa kichwani, akanusa na mkono, akampita.

Wote wakampita, Ejore. Mmoja mmoja, wote wanane.

Nililia pale pale mbele ya watoto. Aregae akanitazama, kisha akamtazama mdogo wake kwa huruma. Akaniuliza, "Mama, mbona hawampendi?"

Nikamwambia watampenda akikua.

Dada yako,
Akeno